Kidonge cha Mtani

Yustina alikuwa na wivu, na tusitafute jina jingine la kuupamba. Kuna watu huonea wivu gari la jirani, au bati jipya, au mume wa mtu. Yeye alionea wivu kidonge. Kidonge kimoja tu, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, ambacho daktari alimwandikia mtani wake Siwema na yeye akanyimwa.

Kilichomla roho zaidi ni kwamba ugonjwa wenyewe aliuanza yeye. Mwaka uliopita alikuwa stendi ya Igunga, amekwisha uza asali ya mumewe, anasubiri basi la kurudi Tabora. Moyo ukaanza kumwenda mbio bila kufukuzwa na mtu. Pumzi zikakata, vidole vikafa ganzi, jasho likamtiririka mpaka kiunoni, akajua anakufa pale pale mbele ya wauza mahindi ya kuchoma. Hakufa. Yalipita, akapanda basi, akafika kwake Ipuli, akasonga ugali kama kawaida. Wiki iliyofuata yakamrudia kanisani, padri akiwa ameinua kikombe. Kisha sokoni. Ikafika mahali alikuwa haogopi kufa tu, anaogopa kuogopa.

Alipimwa moyo, akapimwa malaria, akapimwa sukari, kote wakasema yuko salama. Majirani walisema amerogwa. Mumewe Leodgar, mfugaji nyuki ambaye nusu ya maisha yake hukaa kambini huko misituni upande wa Usinge, alisema ni upweke, kisha akaondoka tena kwenda kwenye mizinga yake. Aliyempa jibu alikuwa Daktari Advera, mwanamke wa Kihaya mwenye umri wa kuwa binti yake, aliyemwamkia shikamoo kabla hajamuuliza lolote. Alimwambia ugonjwa ule una jina, unaitwa hofu ya ghafla, na una dawa. Akamwambia pia kwamba hofu hiyo huapa kuwa itakuua, lakini kiapo chake ni cha uongo.

Hapo Yustina alimpenda sana yule daktari. Upendo ulidumu mpaka lilipofika swali la pombe.

"Unakunywa, mama?"

"Sijawahi. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya."

"Na kazi yako ni nini?"

"Napika wanzuki."

Daktari hakuzaliwa Tabora, lakini alikuwa amekaa vya kutosha kujua kwamba wanzuki ni pombe ya asali, tena si ya mzaha. Akauliza nani huonja kujua kama imeiva.

"Mimi. Nani mwingine?" Yustina alijibu. "Lakini kuonja si kunywa."

Alisema kweli yake. Mama yake alionja maisha yake yote, na bibi yake kabla ya hapo, na hakuna aliyewahi kuwaita wanywaji. Katika ukoo ule mnywaji ni yule anayekaa kwenye benchi na kulipa. Mpishi akichota kata moja kutoka kila pipa, akainywa kusikiliza utamu umebaki kiasi gani, hiyo ni kazi, kama fundi cherehani anavyovuta uzi kwa meno.

Daktari Advera aliweka kalamu chini. Akamweleza taratibu kwamba dawa ya ugonjwa huo ni ile ya kumeza kila siku, ambayo haina haraka, inachukua wiki kadhaa kushika. Wagonjwa wengine huwaongezea ya pili, inayotuliza upesi, wakati ile ya kwanza bado inajenga nyumba. Hiyo ya pili ni ya muda mfupi, hupunguzwa kidogo kidogo, wala haiachwi ghafla. Lakini yeye hatampa, kwa sababu kidonge kile na pombe vikikutana mwilini, vyote viwili hukaa juu ya pumzi. Mtu hulala akasahau kupumua.

"Hata ya kuonja, mama. Ukiacha kuonja, tutazungumza upya. Kwa sasa hii moja inakutosha, ila itakutaka uvumilivu."

Maneno hayo yote Yustina aliyasikia, na yote yakageuka njiani kabla hayajafika moyoni. Alichokipata yeye ni kwamba mtoto wa juzi amemwita mlevi.

Sasa tumseme Siwema. Siwema alikuwa Mzaramo anayeuza kanga na vitenge soko kuu, nyumba yake iko Ng'ambo. Babu wa babu yake alitoka pwani na misafara ya zamani, mzigo begani, na kwa simulizi ya Yustina alipofika Tabora miguu iligoma, akaoa ili apate pa kulala. Siwema naye alijibu kuwa babu yake alibaki kwa huruma, awafundishe Wanyamwezi kuvaa nguo. Ndivyo walivyoishi hao wawili. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za njia ile ya misafara, Wanyamwezi walipobeba pembe mpaka pwani, na utani una sheria zake. Mtani atakutukana ukoo mzima mbele za watu, atakukalia kiti chako, atakuchukulia kuku wako uani, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Ukitaka kitu chako, unakikomboa.

Siku Siwema alipoanguka katikati ya vitenge vyake, mkono kifuani, akipiga kelele kwamba anakufa, Yustina ndiye aliyemtambua. Alikaa naye chini, akamwambia avute pumzi polepole, akamwambia hafi. Kesho yake akampeleka kwa Daktari Advera kwa fahari ya mwenyeji anayepokea mgeni. Njia nzima alimweleza dalili moja moja, hii itakuja hivi, ile itakuja vile. Ugonjwa ulikuwa wake, na alikuwa tayari kumkaribisha mtani wake ndani.

Siwema akatoka na dawa za aina mbili.

Yustina alicheka kwa mdomo. Usiku roho ilimuuma asipate usingizi. Yeye aliyemshika mkono, yeye aliyemwonyesha mlango! Na ubaya wenyewe ni kwamba dawa zilimkubali. Haikupita wiki Siwema akawa amekaa dukani kwake ananukia udi, anacheka na wateja, anasema usiku analala fofofo. Yustina wakati huo alikuwa bado na kile kimoja chake, kinamtia kichefuchefu asubuhi, na moyo bado unamshtukia akisikia tu mlango umegongwa. Alianza kumchunguza daktari nguo zake. Siku alipomkuta amevaa kitenge kipya cha zambarau, akamaliza kesi: Siwema kampelekea. Hakujiuliza kama mtu mwenye mshahara anaweza kujinunulia kitenge.

Siwema hakujua lolote. Siku moja alimwambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba daktari ameanza kumpunguzia kile cha pili.

"Sasa nakikata nusu, mtani."

Nusu! Yustina alirudi Ipuli na neno hilo limemkaa kooni. Mwenzake alikuwa nacho kingi mpaka anakikata.

Ndipo mjomba wake Siwema akafariki, mzee wa watu, na watani wakaitwa na kazi yao. Kwenye msiba wa Mzaramo, Mnyamwezi hana haya. Yustina alifika Ng'ambo amevaa koti la marehemu alilolitwaa kambani, akajilaza katikati ya jamvi, akasema yeye ndiye maiti na hainuki mpaka aletewe pilau. Waombolezaji waliokuwa wanalia wakacheka mpaka wakalia upya. Kisha akamnyang'anya Siwema mkoba wake, akaukumbatia, akatangaza kwamba mkoba umefungwa na wenyewe walete ukombozi.

Walipomletea sahani ya pilau aliurudisha mkoba. Lakini mkono wake ulikuwa umeshaingia ndani na kutoka, na pakiti ndogo ya vidonge ilikuwa kifuani mwake, chini ya koti la marehemu.

"Utani," alijisemea njiani. Alijisemea mara nyingi, jambo ambalo mtu mwenye amani halifanyi.

Kesho yake Siwema alimpigia simu akicheka. Alisema anajua kachukuliwa kitu, basi mtani ataje bei. Yustina akamwambia atafikiria. Siku iliyofuata akapiga tena, safari hii hakucheka sana. Alisema hajalala, mikono inamtetemeka hawezi hata kukunja kanga, na kwa daktari anaona aibu kwenda kusema dawa imepotea, maana alionywa kwamba ile ni ya kutunzwa kwa macho mawili. Alisema, "Nakuomba, mtani."

Yustina alitakiwa amhurumie. Alimhurumia kidogo, tusimwonee. Lakini chini ya huruma kulikuwa na raha, na raha ile aliijua jina lake. Kwa mara ya kwanza tangu waende kwa daktari, alikuwa na kitu ambacho Siwema anakitaka. Akamwambia aje kesho, aje na kanga mpya, doti mbili.

Kesho hiyo ilikuwa siku ya kufungua mapipa. Alikuwa na oda ya harusi, wanzuki ilikuwa imechachuka siku zake zote na sasa inapiga mapovu, na asubuhi nzima alizunguka na kata yake, chombo cha kibuyu alichoachiwa na mama yake, kimeliwa ukingo upande mmoja na midomo ya wanawake watatu. Alionja pipa la kwanza. Halijaiva. La pili limeiva. La tatu lilimtia shaka akalirudia. Alipokuwa anainama kwenye la nne, moyo ukaanza.

Ulianza kama kule Igunga, bila sababu, ukipanda juu kooni. Akakumbuka alicho nacho kifuani. Akameza kimoja. Akasubiri, akaona moyo bado unakimbia, akasema labda daktari huwapa wengine vya nguvu kidogo, akameza cha pili. Kisha cha tatu, kwa hasira tu, kwa ajili ya ule mkato wa nusu nusu. Akasuuza koo kwa kata ya pipa lililoiva, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi.

Haikuchukua muda akaelewa. Kumbe ndivyo ilivyo. Moyo ulikaa chini kama mtoto aliyeitwa na mama yake. Jua lilikuwa zuri, moshi wa mafiga ulikuwa mzuri. Alimfikiria Siwema, na kijicho hakikuwepo, akashangaa kama mtu aliyepapasa jino bovu na kulikuta halipo. Akakaa kwenye kigoda ili aufurahie vizuri wema ule. Kata ikamponyoka. Akawaza kuiokota.

Yaliyofuata aliyasikia baadaye, vipande vipande.

Siwema alikuja kwa bajaji na doti mbili za kanga kwenye mfuko. Njiani alikuwa ameshajihesabu marehemu, moyo unamdunda, jasho linamtoka, dunia imekuwa nyembamba mbele ya macho. Alipiga hodi, hakujibiwa, akaingia uani. Akamkuta Yustina ameegemea pipa, kichwa kimelala kifuani, midomo imepauka, anakoroma mara moja kisha kimya, kisha mara moja tena. Kati ya koroma na koroma palikuwa na nafasi ndefu mno. Miguuni pake pakiti ya vidonge na kata.

Mwanamke yule ambaye hofu yake mwenyewe ilikuwa imemshika koo hakukimbia. Alimlaza Yustina ubavu, akamtoa mate mdomoni kwa kidole, akamwita dereva wa bajaji aliyekuwa bado anageuza nje. Wakambeba kwa kanga za ukombozi, moja kwapani, moja miguuni. Njia yote Siwema alimpiga makofi mashavuni na kumtukana kwa sauti iliyosikika barabara nzima.

"Amka, mbeba mizigo! Pwani bado hatujafika! Nani kakwambia utue mzigo hapa?"

Na kila alipotukanwa, alisema dereva, mgonjwa alivuta pumzi.

Hospitalini Siwema aliweka pakiti ile mezani na kusema yote: dawa ni yake, vimepungua vitatu, na mgonjwa alikuwa anaonja wanzuki tangu asubuhi. Hakuficha neno. Kwa sababu hakuficha, walijua la kufanya.

Yustina alifumbua macho jua la siku ya pili likiwa limeingia dirishani. Daktari Advera alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, Siwema amekaa kwenye benchi akitetemeka mikono, amejifunika shuka la hospitali. Walikuwa wamempokea yeye pia. Daktari alisema kwa upole, na upole huo ulichoma kuliko kelele, kwamba Yustina amechungulia kaburi na kurudi. Kisha akamgeukia Siwema na kumwambia kwamba naye aliponea chupuchupu. Mwili uliozoea kidonge kile ukinyimwa ghafla huweza kuanguka degedege. Ndiyo maana hupunguzwa kwa nusu na robo. Ile nusu haikuwa ziada ya kuchezea, ilikuwa ngazi ya kushukia.

"Ilipoteaje?" aliuliza.

Siwema alitazama sakafu. "Ni utani tu, daktari. Ilichukuliwa na mtani."

Daktari, ambaye kwao watani ni wengine, hakujua acheke au asicheke. Yustina alikuwa amelala anatazama dari. Mlango alikuwa amefunguliwa, sheria ilikuwa upande wake, na mwenye mali mwenyewe ndiye aliyeitaja. Alichotakiwa ni kunyamaza.

"Si utani," alisema. Sauti ilimtoka kavu. "Mtani huchukua mbele za watu. Mimi nilificha. Nilimwibia, kwa sababu nilimwonea wivu."

Daktari alimgusa mguu juu ya shuka, akawaacha.

Walipobaki wawili, Yustina alisubiri matusi, tena alitamani yawe ya kweli. Siwema hakutukana.

"Nami nilikuonea wivu," alisema. "Wewe unacho kimoja. Unameza asubuhi, unaendelea na mapipa yako. Mimi jioni nakaa na wembe nakata kidonge, mkono unatetemeka, chenga zikidondoka nazifuata sakafuni kwa ulimi. Naogopa siku kitakapokwisha kuliko nilivyoogopa ugonjwa. Ukisema 'mimi nameza kimoja tu,' nilikuwa nataka kukupiga."

Yustina hakuwahi kuwaza kwamba kulikuwa na mtu duniani anayekitamani kile kimoja chake kinachotia kichefuchefu. Aligeuza uso ukutani, akalia, na kwa aibu yake aligundua kwamba ndani ya kilio kulikuwa na kufurahi kidogo.

Aliporudi Ipuli alimkuta Leodgar ametoka kambini, amekonda kwa wasiwasi, amefagia ua mzima vibaya. Siku zikasogea. Siwema alirudishwa kwenye ngazi yake, na sasa nduguye mmoja ndiye aliyekuwa anamtunzia vidonge na kumkabidhi kimoja kimoja. Yustina aliendelea na kimoja chake. Asubuhi moja akiwa anachota maji, moyo ulimshtuka, ukakimbia hatua chache, kisha ukasimama wenyewe na kurudi. Alikaa na ndoo yake pale bombani akisikiliza. Dawa isiyo na haraka ilikuwa imefika.

Kilichobaki ni wanzuki. Alikuwa amemwahidi daktari kwamba haonji tena, lakini oda zilikuwa zinakuja, na kila alipopita jikoni kata ilimtazama kutoka kwenye msumari wake. Siku ya kufungua mapipa aliinuka, akaishika, akasema moyoni ni tone moja tu, la kugusa ulimi.

"Hodi," ilisema sauti ya Siwema, na kabla hajakaribishwa alikuwa ameshaingia. Alimwamkia Leodgar vizuri, akavuka ua, akamfikia Yustina pale pale pembeni ya pipa, akamtoa kata mkononi.

"Hii nimeichukua," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na mume, na jirani, na mpita njia. "Utani."

Damu ilimpanda Yustina kichwani. Kata ya mama yake! Alifungua mdomo, na sheria ikamfunga. Ukinuna, wewe ndiye mwenye makosa.

"Nitaikomboa kwa kitu gani?" aliuliza hatimaye.

"Muulize daktari. Yeye ndiye ataniambia lini."

"Na pipa ataonja nani?"

Leodgar alikohoa kwenye kigoda chake, akasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba yeye hana dawa yoyote anayomeza, na kama ni kwa ajili ya familia yuko tayari kuteseka. Siwema alicheka mpaka akashika pipa. Kisha akaiweka ile kata kichwani kama kofia na kutoka nayo barabarani, anatembea kwa maringo, watu wanamwangalia.

Yustina alisimama mlangoni akimtazama, mikono mitupu, roho ikimuuma palepale pa siku zote. Yule Mzaramo, hata kunyang'anya, alikuwa anajua kuliko yeye.